Bastola Bila Koti

Juma lililopita tulimwacha Casimir Kubiak katikati ya mkahawa wa Dolores, kifua mbele, mkono umenyooka, akimkabidhi askari wa sherifu kadi ya kibali chake cha kubeba bastola ya kificho. Na wala hakulazimishwa na mtu. Alimwita askari mwenyewe kutoka meza ya pembeni. Alitaka Verna Mihalik aone, mbele ya watu, kadi ya raia mwema inafananaje.

Askari Curtis akaisoma kadi. Kisha akaacha kutafuna.

Tulikatia hapo. Sasa tuendelee.

Curtis aliigeuza kadi nyuma, akaigeuza mbele, kana kwamba tarehe ingebadilika kwa kugeuzwa. Ni kijana mkubwa wa mwili, mpole, na Casimir ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli.

"Mzee Kubiak," alisema kwa sauti ya chini, "twende nje kidogo tuzungumze."

"Nje kuna nini? Kuna theluji. Zungumza hapa hapa, mimi sina siri na sheria."

"Nje ni bora, mzee."

"Curtis, msomee Bi Verna hiyo kadi. Kwa sauti, asije akasema hakusikia."

Curtis alimeza kilichokuwa mdomoni. "Imekwisha muda wake, mzee. Imekwisha kiangazi cha mwaka juzi."

Vijiko vyote mkahawani vikasimama hewani. Hata supu ya Kiitaliano kwenye sufuria ya Dolores ilionekana kupunguza kuchemka.

Wewe uliyejiunga nasi leo, shika jambo moja tu, utakwenda sawa na wenzako. Casimir ni mgane, mstaafu wa kiwanda cha vioo, na hajawahi kukubali kushindwa tangu azaliwe hapa Mill Fork, Pennsylvania. Majuzi alimposa Verna, mjane anayeoka biskuti za harusi za nusu ya mji huu. Alipiga goti moja, na goti lenyewe lilihitaji msaada wa watu kunyanyuka. Verna hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema hivi:

"Bastola yako inalala kando ya kitanda, Casimir. Nieleze kwa nini, na unieleze sheria yenyewe mpaka niielewe. Nitakujibu Alhamisi baada ya mkutano."

Mkutano ni ule wa ukumbi wa zimamoto, ambapo mwakilishi wetu kutoka bunge la jimbo atakuja kusikia maswali ya wananchi kuhusu sheria za bunduki. Verna ndiye mwenye maswali. Casimir ndiye aliyechaguliwa na wenzake kuyajibu, kwa sababu kila mtu anajua hajawahi kuvunja sheria hata moja.

Kila mtu alikuwa anajua hivyo, mpaka dakika hii.

"Mwaka juzi," Verna alisema taratibu.

"Ni kosa la kalenda," Casimir alisema.

"Kalenda ilikosea mwaka mzima na zaidi?"

Casimir alijikaza kisabuni. Amevaa koti zito la kuwindia, lile la miraba, na chini ya koti, kiunoni, bastola imelala mahali pake pa siku zote. Curtis alilitazama koti kama mtu anayetazama mbwa asiyemwamini.

"Mzee, mimi sijaona kitu," alisema. "Naona koti tu. Lakini nikiona kuna kitu chini ya koti, na huna kadi hai, hiyo ni kesi. Tena si ya kulipa faini ukarudi kula. Kwa hiyo nakuomba, vua koti."

"Nikivua wataiona."

"Wakiiona si kosa, mzee. Wasipoiona ndiyo kosa."

Verna aliweka kijiko chini. "Subiri kwanza, mwanangu. Rudia hapo polepole, mimi ni mtu mzima. Akiwa nayo na watu wote tunaiona, haihitaji kibali?"

"Kwa miguu, huku kwetu, haihitaji."

"Akivaa koti?"

"Inahitaji."

"Basi bastola haina kosa. Mkosaji ni koti."

"Bi Verna, mimi sikuitunga hiyo sheria."

"Sijakulaumu. Mimi siipingi, nauliza tu."

Casimir akavua koti. Ilikuwa heri avuliwe ngozi. Watu wakainuka kidogo kwenye viti kuchungulia, maana bastola hiyo walikuwa wameisikia miaka nenda rudi na hawajawahi kuiona.

"Miaka yote hii," Dolores alisema nyuma ya kaunta, "nilidhani ni kubwa zaidi."

Mtu mmoja kwenye stuli akauliza, "Na shati je? Shati likichomoka likaifunika?"

"Chomekea shati, mzee," alisema Curtis.

"Na tumbo?" Dolores akauliza. "Tumbo lake likiifunika?"

Curtis alifikiri. Tumbo la Casimir si la kupuuzwa. "Hilo la tumbo," alisema, "sijafundishwa."

Watu wakacheka mpaka sahani zikalia. Casimir hakucheka. Alimtazama Verna, na Verna hakuwa anacheka, na hilo lilimuuma kuliko vicheko vyote.

"Nakwenda nyumbani," akasema, akachukua funguo za gari lake.

"Garini huwezi nayo, mzee," Curtis alisema kwa huruma. "Ndani ya gari nako kunataka kibali. Uliwahi kunieleza mwenyewe."

"Nikiiweka mbele ya kioo, ulimwengu mzima unaiona?"

"Hata hivyo. Niachie mimi mpaka Jumatatu, ofisi ya sherifu ikifunguliwa. Utakuja na majina mawili ya watu wanaokufahamu, wasio ndugu zako, wa kusema kwamba wewe ni mtu mwema. Utapewa kadi mpya, yataisha."

Majina mawili. Casimir alizungusha macho mkahawani, na kila alipotua, mtu alikumbuka sahani yake. Na mchungaji waligombania kinanda cha kanisa. Na jirani wa kulia waligombania ua wa miti, na jirani wa kushoto wakagombania mbwa. Na Dolores walikuwa hawana ugomvi, ila Casimir alimwambia wiki iliyopita kwamba kabichi yake ina maji mengi, na hilo kwa Dolores ni ugomvi.

"Sijatoka nje bila bastola hii tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi," alisema. "Sitamwachia mtu. Nitatembea."

"Kwa shati?"

"Kwa shati."

Akatoka.

Kutoka kwa Dolores mpaka nyumbani kwa Casimir ni mwendo ambao hata kiangazi watu huenda na gari. Theluji ilikuwa inateremka laini, isiyo na haraka, kana kwamba imekuja kukaa. Koti alilishika mkononi mwanzoni. Upepo ulipolirushia kiunoni, akaruka kando kama aliyeungua, akatazama huku na huku kama kuna askari. Mwishowe akajitanda koti kichwani, kama mama anayekwenda msibani, ili mabega yapate joto na kiuno kibaki wazi mbele ya sheria.

Lori moja lilipita likapiga honi. Casimir akapunga mkono kwa heshima, kama mtu aliyeamua mwenyewe kuvaa hivyo.

Nyuma yake akasikia gari dogo likija polepole, likamfikia, likaenda naye sambamba. Kioo kikashuka.

"Ingia," Verna alisema.

"Siwezi. Nina bastola, huna habari? Mkahawa mzima una habari."

"Wewe ingia. Hiyo usiingie nayo, gari langu haliingii kitu hicho."

"Niiache wapi, kwenye theluji?"

"Basi rudi ukachukue gari lako. Uliniambia mwenyewe kwamba mtu asiye na kibali anaweza kuitoa risasi zote akaipeleka kwa fundi, hata kwa gari. Ipeleke kwa fundi."

"Haijaharibika."

"Basi iharibu."

Casimir alisimama. Theluji ilikuwa imemkalia kwenye nyusi. "Verna. Kubiak haharibu bastola yake ili kuidanganya sheria."

"Haidanganyi sheria. Anaifuata kwa miguu kwenye theluji, amejitanda koti."

Akaendelea kutembea. Gari likaendelea naye, taratibu, matairi yakinong'ona.

"Nina swali," Verna alisema.

"Najua una swali. Hujawahi kukosa swali."

"Nikienda kwa jirani yangu, uwani kwake, nikanunua bunduki yake ndefu ya kuwindia kulungu, nani ananiuliza chochote?"

"Hakuna. Ni bunduki ya mtu, anamuuzia anayemtaka."

"Nikinunua bunduki hiyo hiyo dukani kwa Floyd?"

"Floyd anapiga simu kwa polisi wa jimbo wakutazame rekodi yako."

"Kwa hiyo mtu mwovu anachohitaji ni jirani tu."

"Mtu mwovu," Casimir alisema, meno yakigongana, "hata ukimwandikia sheria kwa wino wa dhahabu hazifuati. Zinamkamata nani? Zinanikamata mimi. Mimi niliyesahau tarehe. Umewahi kuona jambazi anafungia bastola nje ya shati ili askari asikasirike?"

Verna akafuta ukungu kwenye kioo. "Hapo umesema kweli," akakubali. "Hilo nitaliweka kwenye maswali yangu."

Casimir hakutegemea hilo. Alimtazama kwa pembe ya jicho, na laiti midomo yake isingekuwa imeganda angetabasamu.

"Swali jingine," alisema Verna. "Si la mkutanoni. Kwa nini unaibeba?"

"Nimekwisha kukueleza. Ni haki yangu."

"Haki zako ziko nyingi. Una haki ya kuvaa kofia ya manyoya na huivai."

Casimir alilirudisha koti lililokuwa linamteleza kichwani. Kisha akasema, akitazama mbele, "Kiwanda kilipofungwa nilirudi nyumbani sina wa kumwamrisha wala wa kuniamrisha. Halafu Irene wangu akafa. Nikiwa nayo kiunoni, naona kana kwamba bado kuna kitu nakilinda. Bila hiyo mimi ni mzee anayekwenda kununua maziwa."

Matairi yalinong'ona. Verna aliweka mikono yote miwili kwenye usukani.

"Jumatatu," alisema, "andika jina langu. Mimi nitasema wewe ni mtu mwema."

"Wewe? Unayezunguka mji na maswali?"

"Mimi siipingi sheria, Casimir, naiuliza. Na wewe nakufahamu. Andika."

Casimir alihisi joto ambalo halikutoka kwenye koti. "Basi nitaandika," alisema. "Jina la kwanza ni Verna Mihalik."

Myakumbuke maneno hayo, maana hayakukaa saa nzima kabla ya kumgeukia.

Duka la Floyd Rearick liko kabla ya daraja. Floyd anauza bunduki upande mmoja, chambo cha samaki upande wa pili, na katikati ana jiko la kuni na birika la kahawa ambalo halijawahi kuoshwa. Casimir alipofika hapo vidole vyake havikuwa vyake tena. Aliingia bila kuamua. Verna akaegesha, akaingia nyuma yake, akasimama karibu na chambo, mbali na makabati ya vioo yenye bunduki.

Floyd alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ndugu yangu, mbona umejitanda kama bibi harusi?"

"Mimina kahawa, Floyd."

"Curtis amepiga simu. Amesema nikikuona nisikucheke." Akamimina kahawa, mabega yakitikisika. "Najitahidi."

Casimir alishika kikombe kwa mikono miwili. Damu ilianza kurudi, na pamoja na damu ikarudi ile tabia yake. Tangu asubuhi amechekwa na mkahawa, amepigiwa honi na lori, na sasa anachekwa na mtu anayeuza minyoo. Akatafuta pa kushika, akamwona Verna.

"Wewe kuuliza ni rahisi," alisema. "Hujawahi kununua hata risasi moja. Unadhani mtu anaingia hapa akanunua bastola kama ananunua vitunguu. Jaribu basi. Nunua moja leo, uone sheria ilivyo kali."

"Unataka mimi ninunue bastola?"

"Nataka ujaribu. Floyd, muulize maswali."

"Casimir," Verna alisema, "mwachie Floyd anywe kahawa yake."

"Aa, sasa anaogopa. Floyd, umeona? Anaogopa maswali, yeye mwenye maswali."

Verna alimtazama kwa muda, kichwa ameinamisha kidogo, kama anavyotazama tanuri kujua kama biskuti zimeiva. Kisha akavua glavu moja, akavua ya pili.

"Niulize, Floyd," alisema.

Floyd ana utaratibu wake. Kabla ya kumpa mteja karatasi za serikali, anamuuliza maswali yote kwa mdomo, kwa sababu watu huharibu karatasi na yeye hapendi uchafu. Ameyauliza maswali hayo miaka mingi mpaka hayasomi tena, anayaimba, macho yake nje dirishani, kama mtu anayetaja vituo vya treni.

"Unajinunulia mwenyewe, si kwa niaba ya mtu mwingine?"

"Mwenyewe."

"Una kesi mahakamani ya kosa linaloweza kukufunga zaidi ya mwaka?"

"Sina."

"Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la namna hiyo?"

"Ndiyo."

"Je, wewe ni mtoro unayetafutwa na—"

Floyd aliacha kuimba. Macho yake yalirudi kutoka dirishani.

"Verna, mama," alisema, "hapo jibu ni hapana. Watu wote husema hapana."

"Najua watu wote husema nini."

Casimir alicheka. Alicheka peke yake, na kicheko kilipomalizika hakikuwa na pa kwenda.

"Anatania," alisema. "Verna, mwambie Floyd unatania."

"Ilikuwa Ohio," Verna alisema. "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilimpiga mume wangu risasi."

Casimir aliweka kikombe juu ya kitu, na kitu hicho hakikuwa meza. Kahawa ikamwagika kwenye viatu vya Floyd na hakuna aliyeangalia.

"Andy?" alisema. "Andy hakupigwa risasi. Andy alikufa kwa moyo. Nilibeba jeneza lake, lilikuwa zito, bega linaniuma hadi leo."

"Si Andy. Wa kwanza."

"Wa kwanza yupi?"

"Duane. Andy alikuwa wa pili. Andy alijua."

Casimir alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya jokofu la chambo. Miaka yote waliyofahamiana, akijua Verna anaweka sukari vijiko vingapi, anapenda wimbo gani wa kanisani, na kumbe kulikuwa na mume mzima ambaye hajawahi kumsikia.

Floyd, kwa tabia ya kazi yake, akauliza, "Ulimpiga wapi?"

"Chumbani."

"Namaanisha mwilini."

"Makalioni. Alikuwa amegeuka."

"Alikufa?"

"Duane? Yuko Florida. Ananiletea kadi kila Krismasi. Anasema mvua ikikaribia kovu linamwambia kabla ya redio."

Floyd alitaka kucheka akajizuia, akakohoa badala yake, akakohoa tena.

"Kulikuwa na nini?" Casimir aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alikupiga?"

"Hakunipiga. Tuligombana kuhusu gari, Casimir. Gari bovu lisilowaka. Ningekuwa na ufagio ningemchapa na ufagio, tungecheka asubuhi. Lakini bastola yake ilikuwa inalala kando ya kitanda, upande wangu wa mkono." Alizikunja glavu zake. "Hakimu aliniuliza nilikuwa nafikiri nini. Nilimwambia kweli, kwamba sikufikiri, ilikuwa karibu tu."

Kuni zilipasuka jikoni. Nje, theluji iliendelea kuja.

"Ulifungwa?" aliuliza Floyd.

"Muda wa kutosha kujifunza kuoka."

Floyd alishika kaunta. Ana mabinti watatu, wote wameolewa, na harusi zote tatu meza zilijaa biskuti za Verna kutoka ukuta hadi ukuta. "Zile za kokwa za jozi," alisema polepole, "zile zenye jamu katikati?"

"Hizo hasa. Alinifundisha mfungwa mwenzangu, mama mmoja wa Akron. Yeye hakumpiga mumewe makalioni."

Sasa akili ya Casimir, ambayo ilikuwa imeganda pamoja na masikio yake, ilianza kutembea. Kwanza ilitembea hadi Jumatatu. Angeingia ofisi ya sherifu, avue kofia, na kama shahidi wa mwenendo wake mwema angemtaja mwanamke aliyempiga mumewe risasi. Aliona uso wa Curtis akilisoma jina hilo.

Kisha ikatembea mbele zaidi, na huko ikasimama.

Maana Casimir anaijua sheria. Hilo hatumnyimi. Amewaeleza watu mkahawani mara nyingi, kidole juu, nani anaruhusiwa kushika bunduki na nani haruhusiwi kuishika maisha yake yote.

"Ndiyo maana hukutaka niingie nayo garini," alisema.

"Ndiyo."

"Wewe huruhusiwi hata kuigusa."

"Huruhusiwi kuigusa, huruhusiwi kuwa nayo mahali mkono wako unapofika," Floyd alisema, akiangalia viatu vyake vilivyolowa. "Isipokuwa mwenye nyumba aifungie kwenye kabati la chuma, na ufunguo akae nao yeye peke yake. Mimi ninayo makabati, ndugu yangu, mazuri tu, naweza kukupunguzia."

"Mikono yake inafika kila mahali," Casimir alisema. "Alikuja kwangu mara moja kunywa chai, mpaka leo sijapata vijiko."

"Viko kwenye droo ya vijiko," Verna alisema. "Na mimi sitaki kabati."

Alisogea kutoka kwenye chambo. Alikuja mpaka mbele ya Casimir, hatua ya mwisho akaiacha bila kuimaliza, kwa sababu ya kile kilichokuwa kiunoni mwake.

"Nilikuambia nitakujibu Alhamisi. Nilitaka mkutano upite kwanza, nikae nawe pembeni, nikueleze vizuri, nimevaa nguo yangu ya kijani. Wewe umelazimisha iwe leo, mbele ya minyoo. Basi sikiliza."

"Verna, hatuna haraka—"

"Jibu langu ni ndiyo."

Casimir alifungua mdomo.

"Ndiyo," Verna alirudia. "Nakutaka na goti lako, na kelele zako, na tumbo lisilofundishwa chuo cha askari. Lakini nyumba nitakayolala mimi haina hiyo. Kando ya kitanda haina, kabatini haina. Alhamisi nitamuuliza mwakilishi maswali yangu yote, na wewe utanijibu mbele ya watu, na hapo tubishane mpaka taa zizimwe. Hilo ni la mji. Hapa sikuulizi tena sheria inasema nini. Nakuuliza wewe unasema nini."

Floyd alianza kurudi nyuma taratibu kuelekea stoo.

"Kaa hapo, Floyd," wote wawili walisema.

Floyd akakaa.

Casimir alisimama kutoka kwenye jokofu. Aliitazama bastola kama mtu anayetazama mbwa wake mzee mbele ya daktari. Akaitoa kiunoni. Akatoa risasi moja moja, akazipanga juu ya kioo cha kaunta, na zilipokwisha akachungulia ndani mara mbili kama alivyofundishwa, na kama alivyofundisha wengine. 

"Floyd," alisema, akaanza upya. "Floyd, hii, kama mtu angetaka kuiuza leo, ungeichukua?"

Verna aliweka kiganja mdomoni.

"Ningeichukua, ndugu yangu," alisema Floyd kwa upole, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hapakuwa na hata chembe ya kicheko usoni mwake. "Ningeichukua sasa hivi."

Akanyoosha mkono juu ya kaunta, akaishika bastola kwa upande wa mtutu.

Casimir alikuwa ameshika upande wa pili.

Floyd akavuta kidogo, kwa heshima. Kisha akavuta kidogo tena. Verna alitazama vidole vya Casimir vilivyouzunguka ule mpini, vidole vyekundu vya baridi, vyenye makovu ya vioo vya kiwandani. Akangoja vifunguke.

Havikufunguka.